Kisanduku cha Mengineyo

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Umbali hadi reli: mita mia nne.
Umbali hadi nguzo za umeme: nimehesabu kwa hatua, nimeandika.
Udongo: mwekundu, mgumu, unashika nondo.
Chini kabisa, ukurasa wa mwisho,
kuna kisanduku cha Mengineyo,
mistari miwili,
kifupi kuliko jina la kampuni.

Mimi ni mshika fimbo.
Injinia Kalenga anachungulia kwenye darubini,
mimi nasimama mbali na fimbo ya nyekundu na nyeupe,
nikisogea kushoto anapopunga mkono.
Miaka tisa nasogea kushoto.

Viwanja vilikuwa vitatu, A, B na C,
kama watoto ambao hawajapewa majina.

A iko ng'ambo ya kijito cha Kasengula.
Wachoma makala walishapita,
visiki vya miombo vinachipua majani mekundu
kati ya vichuguu virefu kuliko nyumba yangu.
Barabara haipo. Injinia alipiga hesabu ya lami
kwa kidole, juu ya kiganja,
kisha akafumba kiganja.

B iko bondeni. Tulichimba shimo la kigingi
na maji yakalijaza kabla hatujakunja kamba.
Wanawake wawili waliokuwa wakiloweka mihogo
wakauliza kama tunaleta pampu.
Injinia akajibu: karibu hivyo.
Mimi nikatazama viatu vyangu.

C ndiyo iliyopendwa.
C ina reli, ina umeme, ina lami hadi mlangoni,
na ina Yaya Numbi, afuaye nguo za watu,
aliyetufuata na beseni kiunoni
akauliza bomba la moshi litasimama wapi.

Nikamwonyesha.
Hakupiga kelele. Alionyesha kamba yake.
Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa kusini-mashariki,
na mashuka yote manane
yalikuwa yamenyooka kuelekea shule.

"Nimekulia chini ya bomba la zamani," akasema.
"Moshi ukishuka tulijua kwa ulimi,
kama kulamba ufunguo.
Lengalenga za mama zilitoboka zikawa chujio.
Baba alilipwa, alitulisha bukari,
alikohoa, akafa na kadi yake ya kazi mfukoni.
Vyote vitatu ni kweli, usinifutie hata kimoja.

Sisemi msijenge. Mwanangu Kyungu ana diploma
ya kuchomelea vyuma, anauza uniti za simu kwenye kona.
Jengeni! Ila kwanza
anikeni nguo hapa mwaka mzima,
mjue mnamjengea nani."

Injinia akatazama saa.

Ofisini, nyuma ya benki, mizani ilipimwa.
Upande mmoja waliweka lami ya kwenda A,
kilomita kwa kilomita, hadi ukagusa meza.
Upande wa pili hawakuweka kitu,
wakashangaa kwamba C ni nyepesi.

Ni usiku sasa. Umeme umekatika,
naandika kwa tochi ya simu.
Fomu nimeachiwa niisafishe,
kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri.
Nimefika kwenye Mengineyo.
Naandika kwa herufi ndogo kama mchele:

*Mwezi wa saba mashuka yanaelekea shule. Wanafunzi ni mia sita na*

Kalamu ina wino. Mstari ndio umekwisha.

Nageuza karatasi.
Nyuma yake ni nyeupe, yote,
na hakuna mahali palipoandikwa kwamba hairuhusiwi.
Kesho Injinia ataniuliza nani alinituma,
na pengine fimbo itashikwa na mtu mwingine.
Mbu wanazunguka tochi.
Naanza na ule ulimi na ule ufunguo,
halafu maji yaliyojaza shimo,
halafu Kyungu na diploma yake,
maana naye ana uzito,
halafu bei ya lami, kwa uaminifu,
halafu nageuza karatasi nyingine.